Uzoefu wangu: mfumo wa mauzo usiosimama mtandao ukikata

Nianze na hukumu, mwenye haraka asihangaike kusoma yote: nyota nne kati ya tano. Mfumo wa mauzo tunaoutumia sasa dukani ni ghali kuliko ule tuliouacha, sura yake imepitwa na wakati, na ripoti ya mwezi ukiiita inajikokota mpaka uende ukachemshe chai. Lakini unauza. Umeme ukikatika, ukiwa na betri ya akiba, unauza, mtandao ukipotea unauza, wenye mfumo wakiwa wamelala unauza. Kwa biashara ya kaunta, sifa nyingine zote zinapanga foleni nyuma ya hiyo.

Majina ya kampuni sitaji, ya huu wala ya ule wa zamani. Ninayoyaeleza hapa unaweza kumpimia nayo muuzaji yeyote atakayekuja kwako na kompyuta kwapani.

Sisi ni duka la dawa, jumla na rejareja, Mwanza mjini. Mteja wa rejareja akisubirishwa kidogo ananung'unika, basi. Shughuli iko kwenye jumla. Wenye maduka ya dawa muhimu wanatoka vijijini na visiwani, wanafika asubuhi na karatasi ya oda, na kila mmoja ana usafiri wa kuwahi. Wa Ukerewe akikosa meli ya kurudi Nansio analala mjini kwa gharama yake, na safari inayofuata anapitiliza hadi kwa jirani. Hakuna atakayekupigia simu kukueleza kwamba amehama kwa sababu ya mfumo. Unaona tu oda zake hazipo.

Kuna watu wakisikia hivi husema: si mwandike kwenye daftari, mbona zamani tuliuza? Kwa sukari na sabuni, sawa. Dawa ina namba ya bachi, yaani ya fungu iliyotengenezwa nalo, na tarehe ya kuisha muda, na boksi mbili za amoxicillin zilizokaa rafu moja zinaweza kuwa za bachi mbili, zilizonunuliwa kwa bei mbili. Inayotakiwa kutoka kwanza ni ile inayokaribia kuisha muda. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikitangaza bachi fulani iondolewe sokoni, lazima ujue uliiuza kwa nani. Daftari la siku ya hitilafu, lililoandikwa mbiombio na keshia aliyezungukwa na watu, halina majibu hayo. Na hata likijazwa vizuri, lazima mtu abaki jioni kuyaingiza yote upya, na hapo ndipo stoo inapoanza kusema lake na kompyuta lake.

Mfumo wa zamani ulipendeza macho. Kila kitu kilikuwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali unazozifikia kwa intaneti. Kompyuta ya kaunta haikuwa na lolote ndani yake zaidi ya kivinjari. Keshia akibonyeza Panadol, ombi linasafiri mpaka kwenye seva iliyoko Ulaya, linarudi na bei. Siku nzuri hujui hata kama limesafiri. Siku mbaya unatazama kigurudumu kinavyozunguka kwenye skrini, dawa iko kwenye rafu, mteja ana fedha mkononi, na wote mmesimama. Kilichoniudhi zaidi kilikuwa kukatika nusunusu: risiti imeingia au haikuingia? Keshia akibonyeza tena kwa usalama, mauzo yanaandikwa mara mbili. Asipobonyeza, huenda hayakuandikwa kabisa.

Kwenye tangazo lao waliahidi mfumo kuwa hewani 99.5% ya muda wote. Inapendeza mpaka uifanyie hesabu. Mwaka una saa 8,760, na nusu asilimia yake ni karibu saa 44. Kwa mwezi wa siku 30 ni saa 3 na dakika 36 ambazo mfumo unaweza kuwa chini nao bado wametimiza ahadi. Ukipanda hadi 99.9% unabaki na dakika 43 kwa mwezi, kwa 99.99% ni dakika 4 na ushee. Anayekuuzia 99% tupu anakuuzia zaidi ya siku tatu na nusu za giza kwa mwaka. Na asilimia haisemi giza hilo litakuja lini. Saa tatu za usiku wa manane hakuna anayeziona. Saa tatu hizohizo zikiangukia Jumatatu asubuhi, wateja wa jumla wakiwa wamejaa mlangoni, ndizo faida ya wiki.

Kisha shuka chini kwenye mkataba, kule kwenye maandishi madogo. Matengenezo yaliyopangwa hayahesabiwi kuwa hitilafu. Fidia ni punguzo kwenye ada ya mwezi, wala haigusi mauzo uliyoyakosa. Na hesabu yao inaishia kwenye mlango wa seva yao. Wewe ili uuze unahitaji vitu vitatu viwe hai kwa wakati mmoja, na vikishategemeana hivyo asilimia zake zinazidishwa. Seva 99.5%, intaneti ya mtaani kwako tuseme 99%, umeme nao tuseme 99%. Jibu ni takriban 97.5%, yaani siku tisa kwa mwaka, na hakuna hata mmoja kati ya watatu hao unayeweza kumlaumu. Hesabu hii ndiyo iliyonitoa kwenye mfumo wa zamani kuliko hasira yoyote.

Suluhisho la kwanza ambalo kila fundi atakupa ni laini mbili: faiba ya kampuni hii na ruta ya laini ya simu ya kampuni ile. Tunazo, na zinatuokoa pale wachimba mitaro wanapoipitia faiba na sululu. Lakini Mei 12, 2024 mikongo miwili ya intaneti ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Laini zako mbili ni za kampuni mbili, sawa, ila safari zao za kwenda Ulaya zilipita bahari ileile. Ilikuwa Jumapili, Mungu akatusitiri kidogo, lakini siku zilizofuata intaneti ilikuwa ya kubahatisha. Na hapo duka liko Mwanza, mteja yuko Mwanza, dawa iko Mwanza. Bei ya dawa tu ndiyo ilikuwa ng'ambo.

Basi nilipotafuta mfumo mpya sikuuliza habari za rangi wala michoro ya ripoti. Kila kijana aliyekuja kunionyesha nilimwomba auze kitu kimoja, kisha nichomoe waya wa mtandao auze cha pili. Mmoja akaniambia, "Mama, hapo utakuwa unatuonea." Mwingine akaanza kunieleza kwamba siku hizi mtandao haukatiki, huku anajipangusa jasho. Huyu wa mfumo tulioununua alivuta kiti, akasema, "Chomoa tu, mama," akaendelea kuuza. Juu ya skrini kikatokea kistari cha njano kuonyesha mauzo mangapi yanasubiri kutumwa. Nikamwambia azime kompyuta ghafla katikati ya risiti, kwa kitufe, kama umeme umekatika. Alipoiwasha, risiti ilikuwapo, inasubiri kumaliziwa.

Hakuna uchawi ndani yake. Kila kompyuta ya kaunta inabeba hifadhidata yake: bidhaa zote, bei, bachi, madeni ya wateja. Mauzo yanaandikwa hapo kwanza, kisha yanatumwa kwenye seva mtandao ukiwepo. Namba za risiti zinaanza na herufi ya kaunta ili zisigongane. Kaunta zinaongea zenyewe kwa waya wa ndani ya duka hata kama intaneti haipo, na kila moja inahifadhi nakala ya mauzo ya mwenzake, hivyo moja ikiibwa au diski ikifa, mauzo ambayo hayajatumwa hayapotei nayo. Ukitafakari, kile kiboksi cha EFD, mashine ya risiti za kodi, kilichokaa palepale kaunta kimekuwa kikifanya hivyo miaka yote: kina betri yake, kina kumbukumbu yake, kinatoa risiti halafu kinaituma kwa mamlaka ya mapato, TRA, mawasiliano yakirudi. Waliokibuni walijua kinakwenda kufanya kazi wapi. Waliobuni mfumo wetu wa zamani, nadhani, ofisini kwao walikuwa na intaneti nzuri sana.

Yapo yasiyowezekana bila mtandao, na asikudanganye mtu. Malipo ya lipa namba yanategemea ujumbe wa simu. Uhakiki wa kadi za bima hauna njia ya mkato. Kwa hiyo mtandao ukikata tunauza kwa fedha taslimu na kwa mkopo kwa tunaowafahamu, na mwenye kadi ya bima anaombwa asubiri. Nusu mkate.

Duka na tawi vikipoteana kimawasiliano, vyote viwili vinaweza kumuuzia mteja boksi moja lile la mwisho lililobaki stoo. Mfumo hauchagui nani amewahi. Unaweka alama nyekundu na kumwachia mhasibu. Wapo watakaouona huo ni udhaifu. Mimi naona afadhali mzozo mmoja wa kumaliza kwa simu kuliko foleni nzima iliyosimama.

Kilichotusumbua kweli ni saa za kompyuta. Mashine kuukuu ambayo kibetri cha kwenye ubao wake kimekufa, ikizimika inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, na kama hakuna mtandao wa kuirekebisha, mauzo yanaandikwa kwa tarehe hiyohiyo. Tukajikuta na risiti za asubuhi ile zimepangwa chini ya mwaka ambao duka hili halikuwepo. Kuzitafuta zilikojificha kulimchosha mhasibu kuliko hitilafu zote za mtandao. Toleo la sasa linagoma kufunguka tarehe ikiwa nyuma ya risiti ya mwisho, na vibetri vyenyewe, CR2032, ni vya bei ndogo. Vibadilisheni mapema.

Swali jingine nililowauliza kabla ya kusaini: masasisho mnayaweka lini, na yakiharibu mnarudije nyuma? Waulize na wewe. Julai 19, 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili moja lenye kasoro, ikaliondoa baada ya dakika 78, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zilikuwa zimeshaanguka, kwa makadirio ya Microsoft. Kosa lilidumu zaidi kidogo ya saa. Kurudi kazini kulichukua siku, kwa sababu mashine nyingi zilihitaji mtu akae mbele yake aitengeneze kwa mkono. Ndiyo maana siku hizi muuzaji akinitajia mara ngapi mfumo wake unaanguka kwa mwaka, namuuliza ukianguka unainuka baada ya muda gani na nani anauinua. Hawa wa mfumo wetu mpya wanasasisha usiku, kaunta moja kwanza, nyingine baada ya siku kadhaa, na toleo la nyuma linabaki kwenye mashine. Mfumo wa zamani ulikuwa na tabia ya kujisasisha saa sita mchana, mwisho wa mwezi.

Upande wa umeme mfumo haukusaidii, hapo ni mfuko wako. Kwetu kila kaunta ina UPS ndogo, betri ya akiba inayotupa muda wa kumaliza wateja waliopo na kuwasha jenereta. Muhimu ni kuchomeka humo printa ya risiti, swichi ya mtandao, ruta na kile kiboksi cha faiba. Vinakula umeme kidogo sana, na maduka mengi unakuta kompyuta inawaka huku ruta imezimika, kisha kampuni ya intaneti ndiyo inayotukanwa. Betri za risasi zilizomo ndani ya UPS zinachukia joto. Ukiziweka kwenye kikabati kisicho na hewa chini ya kaunta zinakufa mapema, na hazikuagi. Friji ya insulini tumeitenga kwenye inveta yake, hiyo haihusiani kabisa na kompyuta na sitaki ihusiane.

Huduma kwa wateja ni ya kuridhisha. Simu inapokelewa hata Jumapili, na anayepokea anajua bachi ni nini, huhitaji kuanza kumfundisha biashara. Bei ni karibu mara mbili ya ule wa zamani, na inalipwa kwa mwaka, jambo ambalo kwa duka dogo ni mzigo. Kama una kaunta moja na unauza bidhaa chache unazozijua kwa kichwa, sioni sababu ya kuubeba. Ukiwa na stoo, tawi na wateja wa mkopo, chomoeni waya mbele ya muuzaji kisha mzungumze bei.

Nyota niliyoikata ni ya ripoti ya mwezi. Wameniahidi toleo lijalo litakuwa na kasi zaidi. Mhasibu wangu haamini.