Kusoma hukumu za mabomba bure: tovuti ya Arusha na ya Washington

Mtu wa Tanga anayetaka kujua mahakama ilisema nini hasa kuhusu bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani hahitaji kumlipa mtu. Tovuti ya Mahakama ya Afrika Mashariki, eacj.org, inatoa hukumu bure kwa PDF. Tafuta kwa namba ya shauri, 39 ya mwaka 2020. Ukiandika jina la bomba peke yake unaweza kuangukia maombi madogo ukadhani ndiyo hukumu.

Faida yake kubwa ni kwamba aya zote zina namba, hivyo mnapobishana kila mmoja anaonyesha aya yake. Na hapa ubishi ni mwingi. Tarehe 29 Novemba 2023 Divisheni ya Kwanza ilitupa shauri la asasi nne, na anayesikia hivyo tu huamini mahakama imelibariki bomba. Haikufanya hivyo. Suala la mazingira halikuamuliwa kabisa. Kilichowaangusha walalamikaji ni muda. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi 2 tangu jambo litendeke au mlalamikaji alijue. Mkataba wa bomba kati ya Uganda na Tanzania ulisainiwa Mei 2017, shauri likafunguliwa Novemba 2020.

Kasoro inayouma: hukumu ni Kiingereza kitupu, tena haina muhtasari mwanzoni. Mvuvi wa Chongoleani, ambaye bomba liko mlangoni kwake, anastahili walau ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Kwa upande wa muhtasari, supremecourt.gov, tovuti ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iko mbele sana. Fungua kesi namba 19-1039, PennEast dhidi ya New Jersey, ya 29 Juni 2021. Kurasa za mwanzo tu zinakueleza kwamba majaji 5 dhidi ya 4 walikubali kampuni ya bomba la gesi yenye cheti cha FERC, mdhibiti wa nishati, itwae hata ardhi ya jimbo kwa Sheria ya Gesi Asilia ya 1938. Ila usinukuu muhtasari huo: si sehemu ya hukumu, na umeandikwa hivyo palepale juu.

Kwa kazi ya hapa nyumbani, anza na Arusha. Kabla ya kunukuu, pitia pia orodha ya Divisheni ya Rufaa, maana hukumu ya kwanza hukatiwa rufaa.