Vijiti 12 vya uongo: uzoefu wangu na gereji ya betri za Leaf

Nina hasira, acha niseme. Nissan Leaf yangu, gari la umeme lenye betri ya kWh 24, imeingia gereji moja hapa Nairobi ikiwa na vijiti 8 vya afya ya betri kwenye dashibodi (betri mpya huwa na 12), ikatoka na 12. Wiki chache tu, vijiti vinaporomoka, na mlimani gari linaishiwa nguvu wakati dashibodi bado inaonyesha chaji ipo.

Walibadilisha moduli moja (kipande chenye seli kadhaa) kati ya 48 za betri, kisha wakafuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Ikifutwa, inadhani betri ni mpya. Ikishajifunza tena, ukweli unarudi. Kufuta hakuongezi hata kilomita moja!

Chomeka kifaa cha OBD, kile kinachosoma kompyuta ya gari, fungua programu ya Leaf Spy kwenye simu, utazame volti za jozi 96 za seli za betri, kila jozi na nguzo yake kwenye grafu. Gari likiwa limetulia, tofauti ya milivolti 20 au 30 kati ya jozi ya juu na ya chini si neno. Sasa shusha chaji hadi karibu asilimia 20, kanyaga pedali hadi chini. Hapa tofauti ilipita 300, na nguzo mbili fupi zilisimama pamoja. Moduli moja ina jozi mbili. Ni ileile waliyoweka wao!

Kabla ya kufungwa, moduli ilipaswa kuchajiwa peke yake mezani mpaka volti zake zilingane na za jirani, na uwezo wake upimwe. Gari lenyewe likisawazisha volti za jozi hutumia mkondo mdogo mno, huchukua wiki au miezi. Kama seli zenyewe zimechoka, hakusaidii kabisa. Chaji hukoma jozi ya juu ikijaa, safari hukoma ya chini ikiisha. Moduli moja mbovu inazifunga 47 nzima.

Fundi akanijibu, "Madam, gari za umeme ndivyo zilivyo." Ndivyo zilivyo?

Kwa haki, kazi ya mikono ilikuwa safi: plagi ya usalama inayokata umeme wa betri ilitolewa, wakasubiri dakika 10, glavu za umeme mkononi, sili ya mfuniko mpya, boliti za viunganishi zimekazwa kwa spana ya kipimo. Nilitaka kuwapa nyota 3. Halafu nikaomba vipimo vya jozi 96 vya kabla na baada. Hawakuwa navyo. Walishusha betri ya karibu kilo 300 bila kupima!

Nyota 1. Ukienda, usilipe kabla hawajakuonyesha vipimo hivyo, vilivyochukuliwa pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini.