Stika za Mistari Kwenye Gari: Sabuni, Nta na Sprei Ipi Inafaa?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani hapa nina sabuni ya kuoshea gari, nta ya kopo na sprei ya kulinda vinili, yaani ile plastiki nyembamba inayotengenezewa stika, na pale chini mnaona mashine ya presha. Ukisoma maandishi ya kwenye chupa utaambiwa kila kimoja kinafaa gari zima. Kwa rangi ya gari sibishi. Mimi leo naangalia stika tu: ile mistari ya boneti, michoro ya ubavuni, namba na nembo za milangoni.

Kabla sijafungua chupa yoyote, ngoja nisogeze kamera. Huu ni mstari mweusi wa mlangoni. Katikati hauna tatizo, unang'aa vizuri. Sasa shuka nami mpaka ukingoni. Unauona huo uzi mweupe uliofuata ukingo mwanzo mpaka mwisho? Hiyo ni nta iliyojibana pale na kukauka. Na hapa chini kabisa, karibu na kona, kuna uzi mwingine, huu ni mweusi. Huo mweusi si nta. Stika imenywea kidogo, gundi imebaki nje, na vumbi limeganda juu ya gundi.

Basi kipimo changu leo ni ukingo. Stika nyingi huanza kuharibika pembeni, kwa hiyo bidhaa inayong'arisha katikati huku inachafua ukingo mimi siipi alama.

Kunywea kwenyewe kunategemea aina ya vinili uliyobandikiwa. Kuna ile inayotengenezwa kwa kumiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa: hiyo ni nyembamba, unene wake kama maikroni 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, na hutulia pale ilipobandikwa. Ya pili hubanwa na kuvutwa kwenye rola mpaka iwe karatasi. Hii ni nene zaidi, bei yake nafuu, lakini ikipigwa jua miaka kadhaa hujikunja kurudi ilikotoka. Ukishaona ule uzi mweusi wa gundi, hakuna chupa itakayorudisha stika ilipokuwa. Muulize fundi kabla hajabandika, ni aina ipi anayokuwekea.

Haya, sabuni. Hii niliyonayo haina ukali, si ya asidi wala ya kukata grisi, na ndivyo inavyotakiwa. Naipa alama za juu. Chukua kitambaa laini cha maikrofaiba, loweka, kisha futa kwa kufuata mstari. Ukifuta kwa kuukata mstari, kila mkono unapopita unausukuma ukingo uinuke. Zile dawa kali za kusafishia rimu na injini zisiguse stika kabisa. Na kama stika ni mpya, ipe siku mbili tatu bila kuoshwa ili gundi ishike.

Mashine ya presha nayo siikatazi, ila wengi wanaishika vibaya. Kampuni ya 3M, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vinili hizi, inaelekeza presha isizidi 2000 kwa kipimo cha psi, maji yasizidi nyuzi joto 80, pua ya mashine ikae angalau sentimita 30 kutoka kwenye stika, na maji yapige moja kwa moja, siyo kwa mshazari. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Maji yakija kwa mshazari yanaingia chini ya ukingo na kuubandua. Ukifika kwenye kona za stika, mimi nashauri uiweke mashine pembeni umalizie kwa mkono.

Nta ya kopo: kwa stika, hapana. Nyingine zina chembechembe za kusugua, zinakwaruza vinili. Nyingine zina viyeyushio vya mafuta ya petroli. Hata ile nzuri kabisa, isiyo na hivyo vyote, itakuachia ule uzi mweupe. Kwa stika isiyong'aa ni mbaya zaidi, maana unabaki na mabaka yanayong'aa hapa na pale, na ukijaribu kuyasugua yatoke unazidi kuyang'arisha. Ukitaka kupaka nta kwenye rangi, ziba stika kwa utepe wa karatasi kwanza.

Sprei hii ndiyo niliyoipenda. Ni ya maji, haina mafuta ya petroli, na ina kinga dhidi ya miale ya jua. Nainyunyizia kwenye kitambaa, napaka, nafuta kwa kitambaa kikavu. Tazama ukingo: hakuna kitu kilichobaki. Kasoro yake ni kwamba haidumu, mvua na kuosha vinaiondoa, kwa hiyo ni kazi ya kurudiarudia. Anza na boneti na paa, maana huko jua linapiga kutoka juu mchana kutwa na mistari hupauka mapema kuliko ya milangoni. Ila usinunue sprei ukitegemea irudishe rangi iliyokwisha kupauka. Hairudishi.

Madoa nayapitia haraka. Petroli ikimwagika karibu na kifuniko cha tangi, futa palepale, usiseme utaosha jioni. Kinyesi cha ndege kiloweshe kilainike ndipo ukiondoe. Lami jaribu kwa spiriti ya aisopropili, ile alkoholi ya kusafishia, iliyochanganywa na maji, ukianzia sehemu isiyoonekana. Thina na petroli, usithubutu.

Na ukingo ukiwa umeshainuka? Kama chini yake bado ni safi, pangusa kwa spiriti, acha pakauke, pasha joto kwa draya ya nywele kisha bonyeza kwa kidole ukitokea ndani kwenda nje. Kama vumbi limeshaingia, gundi haitashika tena. Mpelekee fundi akate kipande hicho na kuifanya kona iwe ya mviringo, kwa sababu kona ya mviringo haiinuki kirahisi kama kona kali. Ile gundi ya papo hapo ya kwenye kitubu kidogo isikaribie gari lako. Hukauka ikawa ngumu, na siku ya kubandua stika inaweza kuondoka na rangi.

Niandikieni hapo chini stika yenu iko boneti au ubavuni, inang'aa au haing'ai, na ukingo wake ukoje. Nitapita kuwajibu.