Tingatinga au kinyago cha Kimakonde?
Ukiingia soko la vinyago hapa Arusha, picha ya kuchora ya Tingatinga ndiyo inayokuita kwanza. Haina kivuli wala umbali: chui na ndege wamelazwa bapa, rangi zinang'aa, mistari ni mikali. Edward Saidi Tingatinga aliuanza mtindo huo Dar es Salaam mwaka 1968. Unaielewa ungali mlangoni.

Kinyago kinataka ukizunguke. Rangi ni moja tu, weusi wa mpingo, hivyo kazi yote inafanywa na mwanga. Kwenye nguzo ya ujamaa watu wamepandana, na matundu kati ya mikono yao yana uzito sawa na mti wenyewe. Kigeuze kidogo, uso mwingine unachomoza. (Kisugue kwanza, mti mwingine hupakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo.) Ukuta mtupu wa sebuleni unadai Tingatinga. Mimi ningebeba kinyago.