Kambi ya mazoezi ya triathloni milimani: siku nne na marafiki watatu

Triathloni ya nje ya barabara za lami, ambayo mashindano yake ya XTERRA yalianzia kisiwa cha Maui, Hawaii, mwaka 1996, kwa kawaida huwa na kuogelea kilomita 1.5, baiskeli ya milimani kilomita 30 hivi na mbio za kilomita 10 kwenye vijia. Tulikwenda wanne katika kambi hii kujiandaa kwa umbali huo, na kilichotufaa zaidi ni somo la kuteremka: mkufunzi alitupunguzia upepo kwenye matairi ili yashike vizuri changarawe, kisha akatufundisha kusimama juu ya pedali, makalio yakiwa nyuma ya kiti na kidole kimoja tu kwenye kila breki. Mwenzetu mmoja, ambaye awali alishuka na kuikokota baiskeli kila alipoona mawe, siku ya tatu alitupita sote. Mazoezi ya kuogelea ziwani yalikuwa ya kawaida tu. Baiskeli za kukodi, hata hivyo, zilituudhi. Yangu ilikuwa na pedi za breki zilizolika hadi chuma, nami niligundua hayo nikiwa tayari mteremkoni. Nitarudi, ila kwa baiskeli yangu mwenyewe.