Predinisoloni kwa baridi yabisi: nyota nne, ya tano nimeizuia makusudi

Mie nipo Wete, naumwa baridi yabisi, vidole asubuhi vilikuwa havikunjiki hata kukuna nazi nikamngojea mtoto arudi skuli. Dakta akanianzishia predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi ya kushusha uvimbe, vidonge vya miligramu 5, bei yake haiumizi. Kwa kazi siipingi wallahi, siku chache tu uvimbe ukashuka nikawa nafunga vifungo mwenyewe.

Sasa njaa. Jamani ile njaa! Ushakula mkate wa kumimina na chai ukashiba, unaosha vyombo huku unawaza boflo, uzito ukapanda na uso ukawa duara, majirani eti nimenawiri, kumbe mashavu ya dawa hayo. Sukari na presha nazo inaweza kuzipandisha kwa hiyo napimwa kila nikienda, mwenye kisukari aseme mapema kabla hajaandikiwa. Inanywewa asubuhi na chakula, ukiinywa usiku utahesabu boriti mpaka alfajiri. Ramadhani dakta alinipangia ninywe daku, lakini hilo kila mtu aulize lake.

Kubwa zaidi ni kuiacha. Ukishainywa zaidi ya wiki kama tatu hivi, zile tezi zilizo juu ya figo zinazotengeneza kortizoli, homoni ya mwili inayofanana na dawa hii, zinalegea kwa vile zinaletewa kutoka nje, ukikata ghafla mwili hauna kitu, kizunguzungu, kutapika, presha inaanguka na mtu anaweza kufa kabisa. Ndo maana inashushwa kidogo kidogo, mie nipo kwenye kushushwa sasa, na sipandi boti ya Unguja bila vidonge vya akiba mkobani maana upepo ukichafuka hujui utarudi lini.

Nyota niliyoizuia ni ya wauzaji. Duka moja la dawa nimemuona bibi analalamika mgongo, kafungiwa predinisoloni na diklofenaki, ile ya maumivu, pamoja, hakuna cheti, hakuna aliyemuuliza kama ana vidonda vya tumbo, na hizo mbili zikikutana ndo zinavyovichimba. Na nyie wa mkorogo msicheke, krimu nyingine zina klobetasoli, steroidi kali hiyo, ngozi inakwisha inabaki nyembamba na michirizi.

Dakta anataka kunihamishia methotreksati, dawa nyingine ya baridi yabisi, ili hii niiache kabisa. Aliyeko Pemba anaitumia, unaipata wapi bila kukatikiwa?