TAHADHARI: Anayedai "kuskani" filamu za zamani, Mbeya mjini

Ndugu zangu wa Mbeya, Tukuyu hadi Iringa, mwenye reli za filamu za wazee nyumbani asome hapa kabla hajampa mtu.

Nilimpelekea jamaa mmoja wa Mwanjelwa reli mbili za Super 8 (filamu nyembamba za nyumbani za zamani), harusi ya wazazi wangu Tukuyu mwaka 1974. Alisema ana skana, mashine ya kuigeuza filamu kuwa video. Laki moja na ishirini, nikalipa taslimu. Nilichopewa kwenye flashi ni video yenye mikanda ya giza inayopanda bila kukoma, marehemu baba anaonekana na kupotea. Akaniambia, "Filamu imezeeka, kaka. Ongeza elfu sitini niondoe mistari." Nikaongeza. Akaitia ukungu video nzima. Mistari ikabaki, na sura ya mama ikawa kama nta.

Ndipo nikainyoosha reli yenyewe dirishani, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Picha safi, hakuna mkanda wa giza hata mmoja! Basi kasoro imeingia wakati wa kunakili. Nikarudi kwenye video: sekunde ya 40 mjusi anapita juu ya shela ya mama. Mjusi wa ukutani. Hana skana yule. Alirusha filamu ukutani kwa projekta, akairekodi kwa simu.

Mistari inatoka hapo. Projekta ya Super 8 kwa kawaida hupitisha picha 18 kwa sekunde, na pazia lake, kibati kinachozunguka mbele ya taa, linakata mwanga kila mara. Simu inarekodi 30, tena inasoma kila picha mstari kwa mstari. Mwanga ukikatwa katikati ya kusoma, unapata mkanda wa giza. Skana ya kweli inapiga picha moja moja. Reli ya futi 50 ina picha kama 3,600, na kasi hupangwa baadaye. Dai uione mashine ikifanya kazi mbele yako.

Programu za bure za kupunguza kumetameta zipo, lakini zinataka faili la kwanza kabisa, si lililopitia WhatsApp wala lililotiwa ukungu. Langu la kwanza ameshalifuta.

Na projekta yake imechana vitobo vya pembeni vya reli moja. Yako ikinuka siki, usikubali ipite kwenye projekta kabisa: imeanza kuoza, itakatika.

Pesa hajarudisha, simu hapokei. Anayemjua mwenye skana ya kweli huku Nyanda za Juu Kusini, naomba aniandikie. Kila wiki mama ananiuliza lini atamwona baba.